Milimita Arobaini

6 Machi

Daftari la ofisi lina safu ya "Maelezo" yenye upana wa kidole kimoja. Ninayoyaona hayaingii humo, ndiyo maana nimeanza daftari hili. Nitaandika kwa penseli, kwa kuwa penseli inafutika.

Mimi ni karani wa chama cha wakulima, mwezi wa pili katika miezi sita ya majaribio. Ofisi ni chumba kimoja kilichoegemea ghala la mbegu: meza, kabati la chuma, taipureta yenye herufi inayoruka, na dirisha la uani. Huko uani, ndani ya uzio wa waya, kimesimama kipimamvua: silinda ya shaba yenye mdomo wazi na chupa ndani yake. Kila siku saa tatu kamili asubuhi namimina maji ya chupa kwenye glasi yenye mistari, nasoma milimita, naandika daftarini, kisha naandika kwa chaki kwenye ubao wa nje. Kazi ya dakika tano. Lakini kaya thelathini na saba hupanda kwa namba hiyo.

Mlangoni mwa ghala wamepaka kwa rangi nyekundu: MBEGU HAITOKI KABLA YA MILIMITA AROBAINI NDANI YA SIKU KUMI. Mwenyekiti anasema waliiandika baada ya mwaka mmoja kudanganywa na mvua ya kwanza. Walipanda, jua likachoma kila kitu. "Mvua ina maneno matamu kama mchumba," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Daftari halina mjomba wala shangazi. Likisema arobaini, ni arobaini."

Mimi ninaye shangazi. Naishi kwake, na shamba lake ni mojawapo ya hayo thelathini na saba.

Leo: 0.

7 Machi

0.

8 Machi

0. Mtunza ghala, ambaye watu humwita Kufuli kwa sababu hajawahi kusahau kufunga hata dirisha, alipita akausoma ubao. "Sufuri yako ya leo imenenepa kuliko ya jana," akasema. Nikaenda kuitazama tena kwa hofu. Kumbe utani.

10 Machi

Nimevunja glasi ya kupimia. Ilikuwa na vumbi kidogo tu, hakukuwa na haja ya kuiosha, lakini mimi nisipopata kazi najitafutia balaa. Iliteleza kwenye sabuni. Vipande nimevifunga kwenye gazeti nikavifukia nyuma ya ofisi.

Kabatini, nyuma ya mihuri ya zamani, nikakuta nyingine. Ni nyembamba kidogo, ila mistari ni ileile, moja hadi kumi, na kwenye kitako imechongwa namba 127, nadhani ya usajili. Nilikaa chini nikapumua. Sijamwambia mtu. Karani wa majaribio haanzi kwa kutangaza alichovunja.

0.

13 Machi

0. Wameanza kuniita Bi Sufuri.

15 Machi

Jana alasiri nikiwa njiani kurudi nyumbani upepo ulisimama. Sisemi ulipungua; ulisimama, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Upande wa vilima ukawa na rangi ya chuma, kisha vilima vyenyewe vikafutika. Sauti ilifika kabla ya maji. Nilidhani ni lori. Halafu nikaiona mvua ikija barabarani kama ukuta unaotembea, mbele yake vumbi likiruka, na mimi nimesimama pakavu, hatua ishirini kutoka penye maji. Kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa nje ya mvua nikiitazama yote, urefu wake na upana wake. Sijawahi kujiona mdogo namna ile. Sijui kwa nini nilicheka.

Saa tatu leo: 17.9. Nilijaza glasi mara mbili. Watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama wakingoja chaki. Shangazi alikuwa mbele yao. "Mvua ya hapa," aliwaambia, "haijanyesha mpaka mtoto wa kaka yangu aiandike."

17 Machi

9.2.

20 Machi

14.3. Jumla ya siku kumi: 41.4.

Mwenyekiti alijumlisha mwenyewe mara tatu, kisha akapiga ngumi mezani mpaka wino ukaruka. "Kufuli! Fungua!" Ghala likafunguliwa. Kwa desturi ya chama nusu ya mbegu hutoka, nusu hubaki akiba ya kurudia pakiharibika. Kufuli alimpimia kila mtu mahindi yake kama anayempakata mtoto wa watu. Mtama, magunia yake matano yaliyo pembeni, hakuna aliyeuulizia. "Huo ni wa ndege," Shangazi alisema.

Nilikaa nikitazama mstari wa watu wenye furaha uliotokana na namba niliyoandika mimi. Nilijisikia kama niliyeshika kamba ya kengele kubwa.

22 Machi

Jumamosi. Tumepanda shamba lote la Shangazi. Juu udongo ulikuwa laini, lakini jembe likizama zaidi kidogo liligonga pagumu na pakavu. Nilishangaa. Ila mimi ni karani, sikusema kitu.

27 Machi

Yameota! Jana hapakuwa na kitu. Leo asubuhi mistari ya kijani imenyooka kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho, kama daftari lililopigwa rula. Nilipiga magoti nikatazama mche mmoja. Umebeba bonge la udongo kichwani, kubwa mara kumi kuliko wenyewe, na umelinyanyua bila mikono.

29 Machi

12.8 kwenye kipimamvua. Lakini kopo la Shangazi la maziwa ya unga, lile pana lililonyooka chini mpaka juu, lilikuwa uani usiku kucha, na maji yaliyokuwemo yalikuwa kidogo. Kwa mazoea yangu ya kupima kila kitu nikatumbukiza rula. Milimita tano.

Nimejiambia mvua hubagua. Ni kweli hubagua. Kutoka kwetu hadi ofisini ni mwendo wa nusu saa.

2 Aprili

0. Nimeliweka kopo kando ya kipimamvua, ndani ya uzio. Nikiulizwa nitasema ni la kunyweshea kuku, ingawa ofisi haina kuku.

3 Aprili

Glasi: 7.7. Kopo, hatua moja kutoka hapo: 3.

Nilifunga mlango wa ofisi. Nikaigeuza glasi juu chini nikaitazama ile 127. Nikaenda kupima kipenyo cha mdomo wa kipimamvua chetu: milimita 203. Ndipo nikaelewa. Ile haikuwa namba ya usajili. Glasi hii ilitengenezwa kwa kipimamvua kingine, chenye mdomo wa milimita 127. Kila glasi na mdomo wake. Mdomo wetu mpana hukusanya maji mengi, nami nayasoma kwenye glasi ya mdomo mwembamba. Nilipiga hesabu kwenye karatasi nne. Kila milimita moja ya kweli glasi hii inaisoma mbili na nusu na zaidi.

Zile 41.4 zilikuwa 16.

Nimewapandisha watu thelathini na saba kwenye milimita kumi na sita.

Daftarini nimeandika 7.7.

4 Aprili

0.

5 Aprili

0. Kesho nitamwambia Mwenyekiti.

6 Aprili

0. Mwenyekiti hakuja.

7 Aprili

0. Alikuja. Sikumwambia.

9 Aprili

Mahindi yamejikunja. Saa nane mchana kila jani limejiviringisha kama karatasi, ncha juu, ili jua lisipate pa kushika. Asubuhi nikipita yamefunguka tena, yana unyevu, kama watu walioamka salama. Mchana yanajikunja tena. Siku ya ngapi sasa? Kitu kisicho na akili wala macho kinajua kujibana hivi ili kipite siku moja zaidi. Mimi ninayejua kusoma na kuandika nimejibana kwa ajili ya nini?

Nilimkuta Shangazi amechuchumaa shambani. Ameng'oa mche mmoja uliokauka. Mzizi ulikuwa umeshuka kidole kimoja, ukakuta ukavu, ukageuka kutambaa upande kama anayepapasa ukuta akitafuta mlango.

"Nimepanda juujuu," akasema. "Uzee huu. Mkono hauzami tena kama zamani."

"Si wewe, Shangazi."

"Basi nani? Mvua ilifika, si uliiandika wewe?"

Nikamwambia jua ni kali, aingie ndani.

12 Aprili

Mkutano wa chama, uani. Mashamba mengi yamekufa, yaliyobaki yanahesabu siku. Mwenyekiti alisimama na daftari langu mkononi. "Tangu mwezi wa tatu tumepata milimita sitini na mbili, karibu," akasema. "Mvua ilitosha. Wakulima ni walewale. Kwa hiyo kilichotuangusha ni mbegu." Akamgeukia Kufuli. "Ulizihifadhi vipi?"

"Kama kila mwaka."

"Kama kila mwaka zimekufa?"

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Labda nzuri kaziuza, tukapewa takataka." Wakacheka, kicheko kibaya.

Kufuli alitazama mikono yake. Wakakubaliana mambo mawili: mvua ikitimiza arobaini tena, akiba yote itoke siku hiyohiyo, na akiba ikishaota au kufa, ndipo wataamua kuhusu kazi ya Kufuli.

Niliandika muhtasari. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

15 Aprili

0. Kufuli alileta kitambaa chenye maji ofisini, akakifungua juu ya meza yangu. Ndani alipanga mbegu mia moja za akiba siku nne zilizopita. Tisini na sita zimechipua, kila moja imetoa mzizi mweupe kama jino la mtoto. Tulizitazama wote wawili. Zilikuwa zikisogea, naapa, au macho yangu.

"Mbegu iko hai," akasema. "Mkulima ana mikono. Sasa nieleze wewe uliyesoma, mama. Kilichobaki ni nini?"

Nikasema sijui.

"Haya," akasema, akazifunika taratibu, kama zimelala.

17 Aprili

Glasi 10.2. Kopo 4. Nimeandika 10.2. Hakuna wa kusingizia. Mkono huu ndio ulioandika.

21 Aprili

Naandika kwa wino.

Jana kutwa ilinyesha. Leo saa tatu kasorobo uani palikuwa pamejaa, nadhani kaya zote, wengine na magunia matupu mabegani, Shangazi miongoni mwao. Mwenyekiti alikuwa ameegemea dirisha langu. Alishapiga hesabu: kumi na kidogo za tarehe kumi na saba, zikipatikana thelathini leo, arobaini imetimia. Kufuli alisimama mlangoni mwa ghala, ufunguo tayari mkononi. Alionekana amekonda.

Nilimimina. Glasi ya kwanza ikajaa hadi kumi. Ya pili ikajaa. Ya tatu ikajaa. Ya nne ikafika chini kidogo ya mstari wa moja.

"Soma, binti," Mwenyekiti akasema. "Mbona umeganda?"

"Inasoma thelathini nukta saba."

Wakapiga makofi. Mtu akapiga mluzi. Nikaona ufunguo wa Kufuli ukienda kwenye tundu.

"Lakini si kweli," nikasema.

Sikusikika. Nikasema tena, sauti ikatoka kali kama ya mtu anayegombana. "Si kweli! Msifungue!"

"Si kweli vipi?" Mwenyekiti akasema. "Nimelowa mpaka soksi."

Wakacheka. Nikatoka nje na kopo. Nikaliweka juu ya ngazi ya ghala, nikatumbukiza rula mbele yao, nikamwomba Mwenyekiti asome. Aliinama, akavaa miwani, akasoma: "Kumi na mbili."

Ndipo nikasema yote. Sikusema vizuri. Nilianza na mdomo na kitako na namba 127 na hakuna aliyeelewa, mpaka mwanamke mmoja akasema, "Sema kwa Kiswahili!" Nikasema: "Nilivunja glasi. Nikachukua glasi isiyo yake. Kila nilipowaandikia ndoo mbili na nusu, mlikuwa mmepata ndoo moja. Tulipopanda, ardhi ilikuwa kavu chini. Mbegu haikuwa na kosa. Nanyi hamkuwa na kosa."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati.

"Tangu lini?" Mwenyekiti akauliza.

"Tangu tarehe kumi mwezi wa tatu."

"Na umejua tangu lini?"

Huyo alikuwa Kufuli. Aliuliza polepole, na swali lake ndilo lililokuwa zito.

"Tangu tarehe tatu mwezi huu."

"Siku kumi na nane," akasema. "Tisa katika hizo nimeitwa mwizi."

Niliinamisha kichwa. Mtu akasema afadhali wangemweka kipofu asome. Mwingine akasema, "Bi Sufuri! Jina tulimpa wenyewe," na safari hii hakuna aliyecheka. Mwanaume mmoja alianza kunijia, amekunja ngumi, na sijui angefanya nini, lakini Mwenyekiti alinyanyua kiganja.

"Funga ghala," akasema.

"Halijafunguliwa," Kufuli akajibu.

Nilimtafuta Shangazi kwa macho. Alikuwa akilikunja gunia lake tupu mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka likawa dogo kama kitabu. Akaliweka kwapani, akaondoka bila kunitazama.

Daftarini nimekata 10.2 kwa mstari mmoja nikaandika 4. Nimerudi nyuma hadi Machi nikarekebisha kila siku, nikatia sahihi pembeni. Leo: 12. Jumla ya siku kumi: 16.

Akiba bado ipo ghalani. Yote.

22 Aprili

Mwenyekiti alikuja na kiti chake. "Keti kwenye taipureta. Andika barua ya onyo kali. Kwako."

Nikaandika. Alisema, nikapiga. Katikati akakwama. "Neno kali kuliko 'uzembe' ni lipi?"

"Kuficha ukweli," nikasema.

"Andika hilo." Akatia sahihi. "Kukufukuza ni rahisi. Lakini kesho saa tatu nani atapima? Mimi sioni mistari." Glasi ya kweli ameagiza, itachukua mwezi na zaidi.

Kufuli alikuwa amesimama mlangoni. Nilisimama nikamwomba radhi, tena mbele ya Mwenyekiti. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kama kopo la karani linapima," akamwambia Mwenyekiti, kana kwamba mimi sipo, "na langu litapima. Kila mtu apime kwake. Tusimwachie tena mtu mmoja mbingu nzima."

Kwa hiyo ndivyo ilivyoamuliwa. Makopo thelathini na saba yaliyonyooka, kila shamba lake, mbali na miti na bati. Rula nimezikata mimi kwa mbao, nikachora mistari tangu mchana mpaka usiku huu.

Shangazi ananipa chakula. Ananijibu nikimsalimia. Zaidi ya hapo, hapana.

26 Aprili

Sijui niandike vipi nilichokiona leo.

Ilinyesha jana jioni. Asubuhi walikuja mmoja mmoja kunitajia namba zao, nami nikiziweka kwenye ramani ya mashamba niliyoichora kwa mkono. Wa kwanza: 6. Jirani yake: 9. Kisha mtu akasema 34. Nikamwambia arudie. Thelathini na nne. Wa baada yake: 31. Halafu 28. Halafu, hatua mia tatu tu kutoka hapo, 3.

"Yule wa thelathini na nne kaweka kopo chini ya bati," mtu akasema.

"Njoo uone! Liko katikati ya shamba, kama mbuzi aliyefungwa!"

Mmoja alileta 90. Alikiri baada ya kubanwa kwamba mkewe aliliosha akalisahau na maji ndani. "Wewe umepima sahani zako," Mwenyekiti akamwambia.

Ilipofika saa tano nilikuwa na namba thelathini na sita. Nikachukua kalamu nikaunganisha zinazokaribiana. Ukatokea mto. Mto wa mvua, upana wake si zaidi ya mashamba manne, umeingia kona ya juu ya ramani, ukapita katikati, ukapinda kando ya shule, ukatokea chini. Kushoto kwake kukavu. Kulia kwake kukavu. Nyumba mbili zinazoazimana chumvi, moja imeoga, nyingine haikuguswa.

Niliwaita waangalie. Walikuja wote wakainama juu ya meza. Hawa ni watu waliolowa na kukauka hapa maisha yao yote. Mwishowe Mwenyekiti akavua miwani.

"Kumbe hata glasi ingekuwa nzima," akasema, "ingetuambia habari za ua huu tu."

Sikufurahi, kosa langu linabaki kosa langu. Lakini nilihisi nywele zikinisimama. Miaka yote hiyo mto huo umekuwa ukipita juu ya vichwa vyao, kila mara mahali pengine, na hakuna aliyewahi kuliona umbo lake.

27 Aprili

Kati ya 0 na 2. Wote.

3 Mei

Mto umerudi, umehamia kusini. Kati ya 4 na 27.

10 Mei

Juzi na leo imenyesha tena, na mbegu imetoka kwa namna mpya: kila shamba kwa kopo lake. Kumi na tisa wametimiza arobaini, wamepewa mahindi. Kumi na nane hawajatimiza, na baada ya siku chache hizi mahindi yakipandwa hayatawahi kukomaa kabla mvua haijaondoka. Kopo la Shangazi lina 23.

Kufuli alimfungulia gunia la mtama unaokomaa upesi. Shangazi alitumbukiza mkono, akaziacha punje zipite vidoleni.

"Nimesema kwa mdomo wangu huu kwamba ni wa ndege."

"Ndege hawana habari na maneno yako, dada," Kufuli akasema. "Shika gunia."

Tumepanda wawili, kimya. Safari hii kabla ya kila mstari nilichimba mpaka kiwiko kuona unyevu umefikia wapi. Shangazi alinitazama nikichimba. Hakunikataza.

19 Mei

Umeota. Mwembamba kama nyasi.

6 Juni

0 kila kopo, siku ya nne.

14 Juni

0. Siku ya kumi na mbili.

20 Juni

0. Siku ya kumi na nane. Mahindi ya wale kumi na tisa yamefikia kuchanua, na ndiyo saa mbaya kuliko zote. Nilipita shamba la mtu aliyepata nyingi kuliko wote, sitini na moja. Juu mbelewele imemwaga unga wake, manjano, ukipeperuka. Chini ndevu za mahindi, za kuupokea ili punje zijae, hazijatoka. Zimechelewa kwa kiu. Unga unaanguka juu ya kitu ambacho hakijafika. Tulisimama mimi na mwenye shamba tukiutazama ukimwagika. Alifanya kila kitu sawasawa. Alipima, alingoja, alipanda siku iliyofaa.

"Nimlaumu nani sasa, karani?" akaniuliza, bila ubaya.

23 Juni

0. Mtama wa Shangazi haujaongezeka hata unene wa kucha tangu tarehe tisa. Najua, kwa sababu naupima. Majani yamejikunja, yamepata rangi ya majivu kama yamepakwa nta.

"Umekufa," Shangazi akasema.

Nilikata shina moja. Ndani lilikuwa bichi, linatoa maji.

27 Juni

0. Siku ya ishirini na tano. Haukui na haufi. Umekaa tu.

29 Juni

Kati ya 8 na 22. Kwetu 19!

3 Julai

Umeongezeka kiganja kizima katika siku nne. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Ule haukuwa umekufa wala haukuwa umelala. Ulikuwa umeshikilia pumzi. Siku ishirini na tano umesimama juani ukiwa umeshikilia pumzi, na maji yalipofika ukaendelea pale pale ulipoachia, kama msomaji aliyeweka kidole kwenye ukurasa. Nilimwita Shangazi. Akaja, akashika jani lililofunguka, akalipitisha shavuni mwake. Nikageuka upande mwingine, ili awe peke yake nao.

16 Julai

Masuke yametoka.

8 Agosti

Kumevunwa kwa wengi. Kufuli na mimi tumezunguka shamba kwa shamba tukiandika. Aliyepata milimita sitini na moja: gunia mbili, magunzi yake yana mapengo kama vinywa vya wazee. Jirani yake aliyepanda siku tatu baada yake, akachanua mvua ilipokuwa imerudi: gunia nane. Siku tatu. Hakuna aliyekuwa mjanja zaidi. Njiani Kufuli alinipa upande mmoja wa mzani nibebe. Ni mara ya kwanza tangu Aprili kunikabidhi chombo chake.

12 Agosti

Tumemaliza kuvuna mtama wa Shangazi. Gunia nne. Mwaka jana, wa mahindi, alipata tisa.

Tulikaa kwenye mkeka ukumbini, rundo la masuke mbele yetu, mekundu, mazito. Shangazi alikuwa akiyageuza moja moja. Bila kuinua macho akasema, "Nilikukasirikia mpaka mwezi wa sita."

Nikaacha nilichokuwa nikifanya.

"Halafu nikaona haya. Mvua imeniangusha mara ngapi maishani mwangu? Na kila mwaka nasimama mlangoni naitabasamia. Nitawezaje kumsamehe huyo asiyenijua hata jina, nishindwe kukusamehe wewe mwanangu?" Akanitazama. "Lakini usinifiche tena kitu. Njaa naiweza. Kufichwa siwezi."

"Sitakuficha tena, Shangazi."

"Piga hesabu basi, si ndiyo kazi yako. Gunia nne, ukitoa za kuuza, zitatufikisha lini?"

Nilipiga. Nilitamani kumwambia vingine. "Mwisho wa mwezi wa pili. Mavuno mengine ni mwezi wa nane. Tukipunguza, labda mwezi wa tatu."

Alitikisa kichwa, kama anayepokea habari za mtu anayemfahamu. Kisha akaanza kuchagua. Nilidhani anachagua ya kula kwanza, yaliyovunjika na madogo, kama ilivyo busara. Hapana. Alichukua suke kubwa kuliko yote, akalipima mkononi, akaliweka upande wake wa kuume. Akachukua lililofuata kwa ukubwa. Alipitia rundo zima hivyo, bila haraka, akiyatoa yaliyo bora peke yake, mpaka yakafika arobaini na mbili. Akayafunga pamoja kwa kamba, akasimama juu ya kigoda, akayaning'iniza kwenye boriti juu ya jiko, moshi uyafikie na wadudu wasiyafikie.

Hajui mvua itakuja lini. Hajui kama itapita kwake au kwa jirani. Ameambiwa mwezi ambao chakula kitakwisha. Na katika yote tuliyovuna, yaliyo mazuri kuliko yote yako juu pale, na hayo hatutayala.